Mgomba wa Niyonsenga

Kila siku saa moja na nusu asubuhi Adventina Kokushubira alifungua ofisi yake, akafagia, akapanga viti viwili vitazamane bila meza katikati, kisha akaweka chupa ya chai dirishani. Alikuwa mshauri wa wanafunzi katika Chuo cha Rwabitoke, kilima cha pili ukishapita Kanoni, na kazi hiyo alikuwa nayo mwaka wa kumi na tisa. Barua yake ya ajira ilisema atasimamia ukuaji wa mwanafunzi kitaaluma, kijamii na kimaadili. Yeye alianzia tumboni. Kila aliyeingia, awe amefeli hesabu au ameachwa na mchumba, aliulizwa kwanza amekula nini tangu jana, na wengi shida zao zilipungua nusu kabla chai haijapoa. Kabatini, chini ya mafaili, aliweka jozi tatu za viatu vyeusi vya kuwaazima wanaokwenda kwenye usaili.

Jumatatu hiyo aliingia Niyonsenga, binti wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa kilimo, mzaliwa wa Mabira huko Kyerwa.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini tangu jana?"

"Nusu chapati."

"Na nusu nyingine?"

"Imegoma kupita."

Alitoa fomu mkobani. Ilikuwa fomu ya wahitimu, imerudishwa, na juu yake kalamu nyekundu imeandika kwamba mahali alipozaliwa hapajathibitishwa. Orodha ya wahitimu ingefungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Asiyekuwamo angefanya mitihani kama wenzake, lakini siku ya mahafali asingeitwa na cheti asingepewa, na miaka mitatu yote ingekuwa matembezi tu.

Adventina alimpenda binti huyu, wala hakuna haja ya kuficha. Muhula wake wa kwanza alikuwa akija kukaa kwenye kiti kile wiki mbili mfululizo bila kusema neno, anakunywa chai, anashukuru, anaondoka. Siku ya kumi na moja akasema kwamba udongo wa bustani ya chuo una kiu ya samadi. Tangu hapo hakunyamaza tena, na sasa wa mwaka wa kwanza walimfuata yeye wakishindwa masomo.

Wakaenda wote wawili kwa Bwana Winston, mkuu wa usajili. Winston alikuwa mtu mstaarabu, aliyesimama kila alipoingia mkubwa wake kwa umri, na alisimama kwa Adventina.

"Amezaliwa nyumbani, kibanjani kwao," Adventina alisema. "Mkunga aliyempokea amefariki. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji hii hapa."

"Barua haitoshi, Mama."

"Mwenzake Lameck wa Nyabiyonza naye alizaliwa nyumbani. Barua ya mwenyekiti ilimtosha."

"Lameck hakuwa na utata."

Adventina alisubiri aambiwe utata ni nini. Winston aliipanga fomu ikae sawa na ukingo wa meza.

Babu yake Niyonsenga alivuka mto Kagera akitokea Rwanda, kijana, ana jembe na Biblia. Baba yake, Nsanzimana, alizaliwa upande huu, akabatizwa upande huu, akapanda kahawa upande huu. Jioni hiyo Adventina alimpigia simu.

"Mama, mimi karatasi sina," Nsanzimana alisema. "Ila kitovu cha mtoto nilikizika kwa mikono yangu, chini ya mgomba wa nshakala, zile ndizi zetu za kupika, nyuma ya jiko. Mgomba upo. Huo ndio ushahidi nilio nao."

Adventina aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, akayapeleka kwa Winston Jumanne asubuhi. Winston alisoma mara mbili. Alisema hana sababu ya kumwita mzee wa watu mwongo, lakini kamati ya usajili haiwezi kwenda Mabira kutazama mgomba, na mgomba hauwezi kuja kwenye kamati.

Jumatano saa nne Nsanzimana akapiga simu mwenyewe.

"Mama, mgomba umeondoka. Nimekuta shimo tu. Wa bodaboda wameupisha pale njia panda, wanasema unakwenda vizuri."

"Si umebeba mkungu?"

"Umebeba. Ndio maana nina wasiwasi, usije ukachoka."

Kila mkulima wa Karagwe anajua kwamba mgomba hutembea. Chipukizi hutoka pembeni, mama anakatwa, na baada ya miaka kumi shina limesogea hatua moja. Huu ulikuwa na haraka zaidi, basi.

Ulifika Alhamisi saa kumi, mvua ikiwa imekatika. Ulikuwa mama na mtoto: mama mrefu ameinamia mkungu wake, mtoto anamfika begani. Mlinzi Projest aliusimamisha getini, akafungua daftari la wageni, na kwa kuwa mgeni hakuwa na mkono akamwandikia yeye. Jina: Mgomba. Anatoka: Mabira. Anakwenda kwa: Mshauri wa wanafunzi. Sababu: Binafsi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akainua kizuizi juu sana ili majani yasichanike.

Adventina aliutazama ukiwa nje ya dirisha lake, mizizi imejaa matope ya njia nzima. Alifanya kama afanyavyo kwa yeyote anayefika ofisini kwake amechoka. Alileta ndoo mbili za maji na karai la majivu kutoka jikoni, akachimba pale chini ya dirisha, na mgomba ukaingia shimoni wenyewe. Niyonsenga alipofika mbio kutoka darasani alisimama chini ya jani moja pana akaweka shavu kwenye gome. Hakulia. Aliomba chapati, akala nzima, kisha akaomba nyingine. Adventina aligeuka kupanga mafaili yaliyokuwa yamekwisha kupangwa, maana machozi yalimlenga yeye.

Ijumaa saa mbili Winston alikuja na fomu. Alikuwa mtoto wa wakulima, na kabla ya yote aliusifia mkungu. Halafu alichuchumaa akachambua udongo wa shinani kwa vidole, taratibu, hadi akagusa kipande cha kitenge cha njano kimefungwa fundo. Hakikuwa kimeoza. Alifungua fundo, akatazama, akalifunga tena kama lilivyokuwa.

"Ni kitovu," alisema. "Sibishi."

"Basi saini, baba."

"Mama Adventina, nimeona kwa macho yangu. Lakini fomu inataka mhuri, na mgomba hauna mhuri. Nikisaini, nitaulizwa."

"Kwa Lameck hukuulizwa."

Winston alitazama fomu, mahali palipoandikwa jina la Niyonsenga na la baba yake. Alisema mkungu ule ni mzito, usipoegemezwa utaangusha mgomba. Akaenda mwenyewe kutafuta mti wenye panda, akauchomeka vizuri, akanawa mikono bombani. Saa tisa orodha ilifungwa.

Adventina aliwaandikia wakubwa wa chuo barua tano. Alijibiwa zote, kwa heshima, na katika kila jibu alishukuriwa kwa moyo wake wa kuwalea vijana. Niyonsenga alifanya mitihani. Asubuhi, kabla ya kuingia chumba cha mtihani, alipita kuusalimu mgomba, na jioni aliutilia maji.

Mwezi uliofuata kilifika kitengo cha mali kukagua. Utaratibu ulisema kila kilichosimama kwenye ardhi ya chuo kiwe na namba, kuanzia matangi hadi nguzo za goli. Mgomba ulikuwa umesimama. Projest alipewa rangi nyeupe akaandika kwenye gome: RWB/MG/001. Kazi hiyo haikumchukua dakika kumi.

Siku ya mahafali Nsanzimana alishuka kwenye bodaboda amevaa koti lake la kanisani. Alimsalimia Adventina kwa mikono miwili, kisha akaenda kuuona mgomba wake, akaubandua majani makavu, akauambia kwa Kinyarwanda kwamba nyumbani hawajambo. Uwanjani majina yalisomwa kwa kipaza sauti. Lameck aliitwa, akapita kwa viatu vyeusi vya kabatini. Niyonsenga hakuitwa. Wasioitwa, pamoja naye, walikuwa saba, na wote walikuwa nyuma ya ofisi ya Adventina, wanamenya ndizi, kwa sababu mkungu ulikuwa umekomaa siku hiyohiyo. Walipika na maharage. Chungu kilitosha watu saba na wazazi wao, na Winston naye alipelekewa sahani, akaila yote mlangoni kwa ofisi yake, hatua chache kutoka pale, bila kuingia ndani.

Baada ya chakula Nsanzimana alikata shina la mama, kama inavyopasa mgomba ukishazaa, ili mtoto apate nafasi. Namba ikaanguka nalo. Projest akaja na kopo lile lile la rangi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta ya maharage, Niyonsenga akamshikia daftari la mali.

Projest alipaka namba ya mama kwenye gome la mtoto. Daftarini palikuwa na safu ya kujaza mahali mali ilipotoka.

"Niandike nini?" aliuliza.

"Mama yake alikuwa na namba?" Winston aliuliza kutoka mlangoni.

"Alikuwa nayo."

"Basi andika ni wa hapa."

Akaandika, na Winston akaja, akasaini, akagonga mhuri. Niyonsenga alishikilia daftari hadi wino ukakauka, kisha akalifunga akamrudishia.

"Umeshiba, mwanangu?" Adventina alimuuliza.

"Nimeshiba, Madamu," alisema, akachukua ndoo akaenda kuutilia mgomba maji.