Paa la Basi la Nurudini

Basi lilikuwa limekwisha kuoshwa. Vioo viling'aa, magurudumu yalirudia weusi wake, na vumbi jekundu la njia ya Kasulu lilikuwa likiteremka mtaroni pamoja na povu. Epifania alikuwa ameanza kukamua matambara. Nurudini, mwenye basi na dereva wa basi hilohilo, alilizunguka polepole, mikono nyuma, kisha akasimama na kunyoosha kidole juu.

"Bado paa, mama Ange. Lioshwe, halafu lipigwe polishi. Nataka ling'ae."

Epifania akamtazama mumewe. Kipriani alikuwa ameketi juu ya debe karibu na mpira wa maji, mkongojo umelala mapajani, akajifanya hakusikia. Magari yaliyopita mikononi mwao hapo Kibondo yalikuwa mengi, na wenye magari wana vituko vyao: yuko anayetaka tairi zipakwe mafuta, yuko anayetaka kiti cha dereva kinukie maua. Lakini paa la basi! Mtu gani ana urefu wa kuliona?

"Analitazama nani huko juu?" Kipriani akauliza hatimaye.

"Yuko mtu mmoja." Nurudini alicheka kwa haya, macho yake yakakimbilia pembeni. "Leo gari halina safari. Nitalifuata jioni."

"Mke wangu hapandi," Kipriani akasema, lakini Nurudini alikuwa ameshashika njia ya sokoni.

Hakusema hivyo kwa ubabe. Mwaka uliopita, msimu wa kuvuna maharage, Kipriani alianguka kutoka juu ya basi jingine, papo hapo kwenye eneo lao la kuoshea, akavunjika nyonga. Mfupa uliungana vibaya, akauzoea. Kilichomkosesha raha ni swali. Alianguka kwa nini? Ngazi ilikuwa imefungwa barabara. Miguu yake ilikuwa mitupu, na mvua haikuwapo. Watu walimletea majibu ya kila aina pamoja na ndizi za kumjulia hali: wengine walisema ni kizunguzungu, wengine mkono wa mtu. Hakuridhika na hata moja. Alilirudia swali lile kama ulimi unavyolirudia jino bovu. Ndiyo sababu alimwapisha Epifania asikanyage paa la gari lolote, kwani mtu asiyejua alichokosea atamwambia mwenzake ajihadhari na nini?

Epifania hakubishana. Alianika matambara, akaja kuchuchumaa karibu naye.

"Baba Ange, kwani wewe hutaki kujua ni nani?"

"Ni mwanamke," Kipriani akajibu mara moja, maana jambo hilo alikuwa ameshalipiga hesabu kichwani. "Amempangishia chumba ghorofani huko Kasulu. Basi likipita, bibie yuko dirishani."

"Kama yuko ghorofani, si anakiona na kipara cha Nurudini? Mbona hajakileta tukakipiga polishi?"

Kipriani aliangua kicheko. Kilimtoka bila kutarajia, kikamtikisa mpaka nyonga ikalalamika, na kilipokwisha alijikuta amekwisha kuanza kufikiri namna ya kufika juu. Nyuma ya eneo lao mlima ulikuwa umechimbwa, ukabaki ukingo wa udongo mgumu wenye kimo kinachokaribia cha basi. Juu yake uliota mkaratusi. Walimwita dereva wa jirani, akalirudisha basi kinyumenyume hadi karibu na ukingo. Wakalaza mbao mbili nene kutoka ukingoni hadi kwenye paa, wakazifunga. Kipriani mwenyewe alipanda ukingo kwa mkongojo, akisimama kila baada ya muda kuvuta pumzi, akaketi shinani mwa mkaratusi. Kamba aliizungusha kwenye shina, ncha moja kiunoni kwa mkewe, nyingine mikononi mwake.

"Vua ndala. Piga magoti juu ya gunia, usisimame kabisa. Ukitaka kusogea, sema kwanza, nikuachie kamba."

"Ego, nimesikia," Epifania akaitikia kwa lugha ya nyumbani, kama alivyofanya kila alipotaka kumtuliza.

Kuosha hakukuwa na taabu. Paa lilikauka upesi kwa jua la kiangazi. Tangu aanguke, Kipriani hakuwa amekaa mahali ambapo paa la basi liko mbele ya macho yake. Aliogopa. Aliikaza kamba kwa mikono miwili, na bado hakuweza kuyaondoa macho kwa mkewe. Epifania alifungua kopo la polishi, akachota kwa kitambaa, akaanza kupaka palepale penye mbao, kwa viduara vidogo vidogo. Kisha akasogeza gunia mbele, akapaka tena. Nyuma yake paa lilikuwa likigeuka laini na kuteleza.

Kipriani akaona pale alipopandia mkewe. Akaona alipo sasa. Akaona na kilicho katikati.

"Epifania!"

Tangu Ange azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina. Mwanamke akaganda, kitambaa mkononi.

"Usiinuke. Nijibu tu. Ukimaliza kule mbele, utarudi kwa kupita wapi?"

Epifania aligeuza shingo. Alitazama ile sehemu inayometa kati yake na mbao.

"Juu ya polishi yangu mwenyewe," akasema.

"Na mimi nilirudi juu ya sabuni yangu mwenyewe." Kipriani alinyoosha kidevu kuelekea mbao. "Nilianzia penye ngazi, mama Ange. Nani anaanzia pengine? Mtu akipanda anaanza kazi palepale alipopandia. Nikapaka mpaka mbele, nikageuka nirudi."

Alikuwa analia, na alikuwa anafurahi, na alikuwa na hasira juu ya kitu kidogo namna ile kilichomweka juu ya debe mwaka mzima. Hakukuwa na mkono wa mtu. Alijipangusa uso kwa bega kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba.

Kisha wakafanya kazi. Epifania aligeuka juu ya gunia lake, akaifuta ile polishi kwa maji ya sabuni, akapakausha mpaka pakashika goti. Akatambaa hadi mbele kabisa, mumewe akimwachia kamba kidogo kidogo, akaanza upya huko, akirudi kinyumenyume kuelekea mbao. Paa lilianza kurudisha mwanga wa jua mpaka Kipriani akalazimika kufumba jicho moja. Mwishoni kikabaki kile kipande cha nyuma, chenye upana wa gunia, kimefifia.

"Nikifika kwenye mbao nitainama nikimalizie," Epifania akasema.

"Kiache. Shuka."

Jioni Nurudini aliposikia kwamba paa limekwisha alifurahi kama mtoto. Kipriani akamzuia mlangoni mwa basi.

"Tajiri, usinifiche. Ni nani?"

"Kesho nina safari. Pandeni, mkamwone."

Nyumba waliyopelekwa kesho yake ilikuwa kabla ya kuingia Kasulu mjini, juu ya mteremko, barabara ikipita chini yake. Nurudini aliwashusha njia panda, akawaelekeza, akaenda kugeuza gari. Barazani, juu ya mkeka, alikuwa ameketi mwanamke mzee aliyejifunga kanga, miguu yake imefunikwa shuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni. Mmeletwa na Nurudini? Mimi ndiye Mwajabu, mama yake." Alipapasa mkeka kuwapa nafasi. "Miguu imekataa, wanangu, lakini macho yapo. Tatizo, hapa nilipo naona mapaa tu. Yote meupe, yote yana vumbi. Nimepungia mabasi ya watu mpaka mkono umechoka. Jioni nikimuuliza mwanangu, ananiambia, mama, mimi nilishapita asubuhi."

Epifania alimfinya mumewe kiunoni. Kipriani akaikumbuka ile ghorofa yake na yule bibie wa dirishani, akaona haya.

Chini yao lilipita lori la mihogo, kisha basi, kisha jingine. Bi Mwajabu alitulia. Halafu kitu kikawaka kwenye barabara, mwanga ukaruka hadi kwenye nguzo za baraza, na mkono wa bibi ukapanda wenyewe.

"Ni yeye! Ni yeye huyo!" Alipunga kwa nguvu, akicheka, kisha akakaza macho. "Lakini kule nyuma wamepasahau. Pana baka."

Kipriani aliegemea mkongojo, akajivuta hadi ukingoni mwa baraza ili aone vizuri. Lilikuwapo, limefifia katikati ya mng'ao wote ule.

"Hawakupasahau, bibi. Hapo ndipo mke wangu alipopitia kushuka."

Bi Mwajabu akamgeukia Epifania, akamkagua toka kichwani mpaka kwenye nyayo.

"Ulishuka mzima?"

"Mzima, bibi."

"Basi mwambieni Nurudini asipaguse."

Honi ililia huko chini. Kipriani naye alikuwa ameinua mkono, hakujua tangu lini, akaushikilia hapo mpaka lile baka, lililokuwa la mwisho kuonekana, likapotea kwenye kona.