Feni Iliyonyamaza

Kompyuta ya marehemu mwanangu, Kuo-feng, ilikuwa ikizimika kwa joto katikati ya masomo ya binti yake, Yu-hsin. Nikamwita A-tsai, fundi aliyekuwa akifanya kazi na marehemu.

Akaifungua, akakwangua dawa ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa kama matope ya kiangazi. Akapaka mpya, kidogo tu, kama punje ya mchele. Akaiwasha. Feni ikavuma, joto likapanda vilevile.

Ndipo akakiona kipakiti cha kijani cha vitafunio vya nazi juu ya kasha la kompyuta. Kuo-feng ndiye aliyekisimamisha pale. Hapa Taipei kila fundi huiwekea mashine yake kipakiti cha aina hiyo, kwa kuwa jina la vitafunio hivyo lina maana ya “mtiifu”, ili itulie, isilete ukorofi.

“Mama, hiki kimeisha muda tangu mwaka jana! Unailisha mashine vitu vilivyochacha, halafu unataka ikutii?”

Yu-hsin akacheka. Mimi sikucheka.

A-tsai akashusha sauti. “Tena kimeanguka, kimeziba matundu ya hewa. Kiondoe mwenyewe, Mama.”

Sikuwa nimekigusa tangu mazishi. Hata vumbi nililipangusa kwa kukizunguka. Nikakiinua kwa mikono miwili.

Joto likashuka. Feni ikanyamaza, na Yu-hsin akarudi kwenye masomo yake kwa furaha.

Mimi nikabaki nimesimama mlangoni. Mwaka mzima mvumo ule ulipita ukutani hadi kitandani kwangu, nami nikapata usingizi, kama vile Kuo-feng yumo chumbani mwake, bado anafanya kazi.