Mwisho Niliomtungia Tonny

Hakuna mtu Kibera nzima anayesimulia mwisho wa marehemu kunishinda mimi Kageha. Walionishinda wote wamekufa, na miisho yao niliisimulia mimi, vibaya.

Matangani lazima mtu asimame aeleze marehemu alikufaje, na kawaida husimama aliyekuwa naye. Siku ile Tonny hakuwa na mtu. Alitoka hapa mtaani kwetu Kianda asubuhi kwenda Kawangware kumalizia kupaka nyumba rangi, akaokotwa mtoni. Mama yake, Awiti, alinishika mkono akaniambia hawezi kusafiri nyumbani na mtoto asiye na mwisho.

“Nitungie,” alisema. “Hata ukiwa uongo, uwe wake.”

Nilimwuliza kwanza Ambrose, aliyekuwa akiishi na Tonny chumba kimoja. Akaapa mbele ya Awiti kwamba siku ile malaria ilimlaza kutwa nzima, na kwamba Tonny alitoka yeye Ambrose akiwa bado usingizini. Nikamwambia pole.

Mchana huo wingu lilishuka mpaka mabati ya vyumba vya ploti yakawa meusi. Mbwa walikuwa wamejificha. Nikasimama kando ya picha ya marehemu, nikaanza.

Nilimvika Tonny koti la kijani kwa sababu mimi napenda kijani. Nikampa wimbo. Watu wakaacha kutafuna mandazi. Nikamfikisha kwenye kidaraja cha mbao, nikamvua viatu asivichafue, akavishika mkononi akiimba polepole. Nyuma yake nikaweka mtu, maana daraja tupu halitishi. Sikumpa sura wala jina. Nilimpa pumzi tu, karibu na kisogo cha Tonny.

Awiti alifumba macho. Ambrose, aliyekaa karibu na lango, alikuwa akitingisha goti. Nikamsogeza yule mtu hatua moja.

“Shosho, wacha kudanganya watu,” Ambrose akaniambia mimi bibi kizee. “Hiyo ni hadithi.”

Nilikubali kwamba ni hadithi. Nikaendelea na wimbo, tena nikaurefusha.

“Hakuwa anaimba!” Alikuwa amesimama sasa. “Alikuwa analia. Na viatu alikuwa navyo miguuni. Kama hujui ukweli, nyamaza.”

Mvua ikaanza kugonga mabati. Hakuna aliyesogeza kiti chake. Awiti alifumbua macho, akaweka kikombe chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

“Baba,” alimwambia Ambrose, “si ulikuwa umelala?”

Ambrose alitutazama mmoja baada ya mwingine.

“Niliota,” akasema.

Na wanaume waliokuwa upande wa lango wakaanza kuinuka.