Upande wa Nne wa Skwea

Norah alifundisha hesabu katika shule ya msingi huko Mafubira, Jinja, na kwake skwea lilikuwa umbo tu, pande nne zilizo sawa. Kwa wanafunzi wake lilikuwa pia mkusanyiko wa Jumatatu. Mwalimu wa zamu akiita "Skwea!", watoto hujipanga pande tatu kuizunguka bendera, na upande wa lango huachwa wazi.

Mama yake, Nambozo, hakuwa amekanyaga Jinja tena tangu alipoihama na mimba ya Norah. Safari hii presha ndiyo iliyomtoa Mbale, akaja kutibiwa na kukaa kwa Norah. Jumatatu moja alimpelekea Norah miwani aliyoisahau nyumbani. Aliingia langoni wakati mwalimu mkuu, Bwana Isiko, akimwita mshindi wa mashindano ya kusoma.

"Shakirah! Njoo katikati!"

Miwani ikaanguka. Nambozo alikimbia, akamkumbatia yule msichana, akamkinga kwa mgongo wake.

"Afande, huyu hapana! Huyu bado mtoto, afande!"

Watoto walicheka. Norah alimfuata mbio. Kwao walisema Kimasaba. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mama yake akitamka neno la Kiswahili, lugha ya kambi za jeshi.

Alimpeleka ofisini, akamketisha.

"Mama, anapewa zawadi tu."

"Kule kambini kwa askari, hapa hapa Jinja, pia waliita skwea," alisema Nambozo. "Asubuhi, baada ya mapinduzi. Askari pande tatu. Upande wa nne wakatuweka sisi wake zao, tutazame. Wakaita jina la baba yako, aje katikati."

"Si ulisema Baba alikufa kwa homa?"

"Ningekuambia nini, mwanangu?"

"Walimzika wapi?"

"Sijui. Bunduki zilipoinuliwa nilifumba macho. Sikumwona akianguka. Basi kwangu hajaanguka. Nikipika, amesimama. Nikilala, amesimama."

Kesho yake darasani Norah alianza kuchora skwea ubaoni. Mstari wa tatu ulipokwisha, mkono ukagoma. Baridi ilimpanda shingoni, kana kwamba mtu mrefu alikuwa nyuma yake akingoja kuitwa. Akafuta mchoro, akawapa watoto kazi ya kujumlisha.

Jumapili iliyofuata alimrudisha mama yake Mbale, wakaenda kanisani pamoja. Walikuwa wamemwomba Mchungaji Gidudu amwombee marehemu kwa jina, jambo ambalo halikuwa limefanywa tangu auawe. "Ojok," alisoma, "askari, mume wa Nambozo, baba yake Norah." Watu wakaitikia amina, wakaketi.

Nambozo alibaki wima, macho yake yakiwa kwenye nafasi tupu mbele ya madhabahu.

"Kaa chini, Baba Norah," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Imetosha. Kaa."

Alingoja kidogo, kisha naye akaketi. Norah alimshika mkono, lakini hakuthubutu kutazama kule mama yake alikokuwa akitazama.