Leocadia Apeleka Swali Madrid

Nakutegea kitendawili hiki, mwenzangu, na usikimbilie kujibu. Bwana amesimama juu ya tofali moja na hathubutu kushuka. Bibi anamzunguka kama kuku azungukavyo kinu, na mwisho wake wote wawili wanahema. Ni akina nani hao, na wanafanya nini? Fikiri polepole. Ukishindwa utanipa mji, na mji ninaoutaka nimeshauchagua: nitachukua Madrid, tena Madrid ya mwezi wa Mei, maana ndiko alikokwenda Leocadia na kapu lake la soseji.

Leocadia alikuwa mjane wa mwoka mikate wa Valdecierzo, kijiji cha nyumba za mawe juu huko kwenye baridi ya Soria. Tangu mumewe Gervasio afariki, tanuri la kijiji halikuonja moto tena. Mkate ukawa unaletwa na gari kutoka mbali. Theluji ikianguka gari haliji, na hata likija, mkate wenyewe ukiuminya unabonyea kama sifongo. Sasa mtu mmoja wa Zaragoza alikuwa anaitaka ile nyumba ya tanuri aifanye ya kulaza wageni, na mdomo wa tanuri aupange vyungu vya maua. Watu wa halmashauri wakamwita Leocadia wakamwambia, "Mama, mwanao akirudi, tanuri ni lake. Asiporudi, tunampa huyu bwana. Tuletee jibu Jumapili."

Vyungu vya maua! Leocadia alipanda basi kesho yake.

Mwanawe mmoja tu, Fermín, alikuwa fundi katika duka la keki na biskuti mtaa wa Carabanchel, Madrid. Alikuwa ameoa hukohuko, mke jina lake Almudena, msusi, mwenye kucha nyekundu na kicheko cha kusikika hadi ghorofa ya chini. Leocadia hakuwa na ugomvi naye. Ila moyoni alikuwa ameshakata shauri: huyu ndiye aliyemfunga mwanangu. Mtoto wa mjini atakubalije kwenda kuishi mahali ambapo duka la karibu ni la mbolea?

Jioni ya kwanza, hata hajavua vizuri viatu, aliuliza.

"Fermín, halmashauri wanataka jibu Jumapili. Utarudi ukawashe tanuri la baba yako, au lipangwe vyungu vya maua?"

Fermín akainuka. "Ngoja nilete chumvi, mama."

"Chumvi iko mbele yako."

"Basi siki."

Akaenda jikoni akakaa huko kama aliyekwenda kukamua zabibu mwenyewe. Aliporudi alikuwa na siki, na habari ndefu za mpira.

Siku ya pili akauliza tena, Fermín akasema ana usingizi. Siku ya tatu akasema, "Mama, kula kwanza," na wakati huo mama alikuwa ameshakula, anapangusa mdomo. Basi Leocadia akawa anashinda roshani, anaangalia mbayuwayu wakipiga kelele juu ya mapaa na ile miti ya barabarani iliyochanua maua meupe, anakunja uso kana kwamba miti ndiyo iliyomnyima jibu. Jumapili inakuja, na yeye mkononi hana kitu.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Mji mzima wa Madrid, na magari yake yote na majumba yake yote, mtakatifu mlinzi wake ni huyo Isidro, mkulima wa plau. Leocadia alilipenda jambo hilo. "Mkulima mwenzetu," alisema akifunga kitambaa kichwani, "angalau huyu atanielewa."

Fermín alikuwa na kazi asubuhi, kwa sababu siku hiyo watu hula biskuti za mviringo kama bangili, na hakuna duka linaloweza kuziacha. Zile kavu huitwa wajinga, na zile zilizopakwa sukari na limau huitwa wajanja.

"Leo umeoka wajinga wangapi?" Almudena alimuuliza mumewe kwenye simu. "Wengi? Basi njoo mapema, usije ukahesabiwa humo."

Wale wanawake wawili wakatangulia kwenye uwanja wa sikukuu, wakajipanga kwenye foleni ya maji ya chemchemi ya mtakatifu. Wasichana wamevaa magauni ya kubana na ua jekundu juu ya kitambaa cheupe, wazee wamevaa vizibao na kofia za mirabaraba, na moshi wa utumbo wa kondoo unaokaangwa umewafunika wote bila kubagua. Foleni haisogei. Na foleni isiposogea, ulimi husogea.

"Mwanamume akioa mjini," alisema Leocadia, akimwangalia mtu wa mbele, "kwao hapaoni tena ila kwenye picha."

Almudena akageuka. "Hilo umempiga yule bwana mwenye kofia, mama, au mimi?"

"Yule bwana simjui."

"Haya. Basi nimepigwa mimi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, wewe unadhani kamba iliyomfunga Fermín huku ni mimi?"

Leocadia akaanza kuangalia viatu vyake.

"Nimeshamwambia mimi. Tangu majira ya baridi. Nikamwambia, Fermín, twende. Ghorofa hii inatumeza, tunaonana usiku kama walinzi wanaopokezana zamu. Nimeshapiga simu hata Soria, nikauliza kule vijijini nani anawatengeneza wanawake nywele. Unajua wameniambiaje? Hakuna. Wanakatana wenyewe kwa mkasi wa kunyolea kondoo."

"Si wa kondoo," Leocadia alisema, akijishika nywele za kisogoni. "Ni wa kushonea."

"Naona, mama. Naona kabisa."

Leocadia alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na mkono wake umeshashika mkono wenye kucha nyekundu. Aibu ilimpanda kidogo. Siku zote zile amemnunia asiyehusika! "Sasa yeye anakataa nini?"

"Hasemi. Nikimuuliza, analeta siki."

Adhuhuri Fermín alifika, unga bado uko nyusini. Kinanda cha kuzungusha kwa mkono kikaanza kulia, watu wakasimama wawiliwawili. Leocadia akamsukuma Almudena pembeni. "Huyu kwanza nicheze naye mimi."

"Mama, wewe chotis huijui. Kule kwetu mnaruka kama mbuzi," alisema Fermín.

"Nitajua nikifika."

Hapa ndipo nakurudishia kitendawili changu, maana jibu ndilo hili. Ngoma ya chotis mwanamume huicheza akiwa amebana miguu pamoja, anajizungusha palepale, eneo la tofali moja, hasogei, na mwanamke ndiye anayetembea kumzunguka. Ulipata? Kama hukupata, mji wangu ninao.

Basi Leocadia akamzunguka mwanawe. Alimkanyaga mara moja, akasema ni yeye aliyeweka mguu vibaya. Alipokuwa karibu na sikio lake akasema, bila hasira, "Mkeo yuko tayari. Mimi niko tayari. Tanuri lipo. Unaogopa nini, mwanangu? Niambie mimi, kinanda kinalia, hakuna anayesikia."

Fermín aliinamisha kichwa karibu na kitambaa cha mama yake.

"Watu wa kule wamekula mkate wa baba."

"Ndiyo. Sasa?"

"Sasa nini, mama? Mimi nikumbukavyo, mkate wa baba haukuungua hata siku moja. Watu walikuwa wanaunusa tangu kisimani. Mimi naoka wajinga na wajanja katika tanuri la umeme, lina saa, likimaliza linalia. Nikienda kule nikatoa mkate mbovu, watasema nini? Watasema, huyu ni mtoto wa Gervasio, kaburi la baba yake limemcheka. Afadhali vile vyungu vya maua."

Leocadia alisimama katikati ya ngoma. Mtu aliyekuwa nyuma yake alimgonga, akaomba radhi, yeye hakumsikia. Alianza kucheka polepole, kisha akajishika mbavu.

"Haukuungua? Wa Gervasio? Wewe ulikuwa hujazaliwa! Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, kijiji kizima kilikula makaa. Tulikuwa tunakwangua kwa kisu, upande mmoja mweusi, upande mwingine mbichi. Padri alimpa punda wake kipande. Punda akanusa, akatazama ukutani!"

"Mama, unatania."

"Nikutanie kwa marehemu? Bibi Basilisa alitumia mkate wa baba yako kuzuia mlango usipigwe na upepo, mlango ukatulia hadi Pasaka. Usiku Gervasio analia unga umo puani, asubuhi anawasha moto tena. Na watu wakaja tena, unajua kwa nini? Kwa sababu kulikuwa hakuna mwingine, na kwa sababu walimpenda. Mwaka wa pili ukaanza kulika."

"Mbona hakuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, acha mtoto aone baba yake ni fundi. Nami nikanyamaza. Kumbe yeye kakufichia aibu yake, wewe ukaigeuza mlima."

Fermín alivua kofia, akafuta unga usoni, na labda si unga peke yake. Almudena alikuwa amewatandikia shuka kwenye majani na kununua sahani ya utumbo wa kukaanga. Walikaa wakala kwa vidole. Leocadia hakuuliza tena. Alikuwa ameuliza vya kutosha, na alijua mtu akifikiri hasumbuliwi, kama unga ulioumuliwa, ukiufunuafunua unanywea.

Baada ya muda Fermín akasema, huku anatazama sahani, "Ule ufa wa kwenye mdomo wa tanuri, upande wa kushoto, umezidi?"

"Umezidi kidogo. Udongo wa kuziba upo, kule nyuma ya kanisa."

"Na kuni?"

"Jirani yetu Severo anapasua miti ya mialoni. Atakupa."

"Mama, unamsikia?" Almudena alinong'ona kwa sauti ya kusikika na majirani wote. "Anaulizia kuni!"

Leocadia alimfinya paja. "Nyamaza wewe, utamshtua."

Fermín alitafuna kipande cha mwisho, akakimeza, akajifuta vidole kimoja kimoja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mama yake ateremke kwenye basi, akamtazama usoni.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nitarudi. Waambie Jumapili."