Albamu ya Harusi Yangu Yaenda kwa Balozi

Kaka yangu ni fundi wa minara ya simu, na ana ugonjwa mmoja: picha. Alienda nchi za watu kikazi, akapanda mnara, akajipiga picha huko huko juu. Kumbe nyuma yake kuna kambi ya jeshi. Kushuka tu, pingu. Eti jasusi!

Ofisa wa wizara ya mambo ya nje aliyeshika kesi yake tulimpachika jina Bwana Subirini, maana kila tukienda neno lake ni hilo. "Subirini, tunazungumza nao." Simsemi vibaya, macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Lakini kaka yuko ndani, mama amekonda, na mimi kusubiri kumenifika hapa.

Siku moja akatuita ofisini. Amepata ruhusa ya simu. "Mama, nakuomba," alisema, "wale wanasikiliza, wana mkalimani pia. Msalimie, muulize afya, basi. Kesi usiiguse." Mama akaapa.

"Shikamoo mama," kaka akasema.

"Marahaba. Hivi wewe una akili timamu? Jasusi, wewe! Harusi ya dada yako alipiga picha nani? Kuna kichwa hata kimoja mle? Tumbo la bwana harusi, viatu vya shangazi, miguu ya meza! Hao wamekosa watu wa kukamata?"

Bwana Subirini akajishika kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mara tukasikia mtu anacheka upande wa pili, na hakuwa kaka. Simu ikakatika.

Mama alilia njia nzima. "Nimemmaliza mwanangu," alisema.

Kesho yake Bwana Subirini akaja nyumbani mwenyewe, anahema. Wale watu wanataka kuziona hizo picha! Basi albamu yangu, niliyoificha chini ya kitanda tangu niolewe, ikafungwa kwa lakiri ikapelekwa kwa balozi wetu kule. Nasikia wakubwa wenye nyota mabegani walikaa mezani kumtafuta bibi harusi, wasimpate. Balozi akawabana hapo hapo: jasusi wenu ndiye huyu? Wakaitoa na ile picha ya mnarani, wakaiangalia vizuri safari hii. Sikio moja na mawingu.

Wakamwachia.

Kwenda uwanja wa ndege na Bwana Subirini, mama alikuwa anajipanga kwenye gari, namna atakavyomgombeza hadi akome. Kaka akatokea, albamu yangu kwapani, suruali inamvuka kwa kukonda. Mama akafungua mdomo. Akamkamata shati tu.

"Mama, nigombeze basi," kaka akamwambia.

Wapi! Bwana Subirini akalia waziwazi, na tai yake shingoni. Kaka naye, mtu asiyefunzika, akaniomba simu, akanyoosha mkono, akatupiga picha.

Nimeiweka ukurasa wa kwanza wa albamu. Hakuna kichwa hata kimoja. Ni shati lake, na ngumi ya mama imelishika.