Nywele Zisizotaka Mafuta

...na sasa Mwalimu Gwamaka wa kwaya keshanyoosha mkono kulichukua sanduku, amesema kwa upole ule wake wa kuudhi kwamba fidla inakwenda Chitete leo hii, kwaya ya kule ina watu waliosoma, na Loisi ameishika begani, kidevu kimeibana, upinde uko juu ya uzi na bado hajauvuta, Aida, mteja wake, yuko kwenye kiti cha saluni, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, anauliza kama wataendelea, tutaendelea mwanangu, subiri... miezi miwili imekaa humu, zawadi ya wageni kwa kwaya yao ya hapa Mpemba, kila aliyeijaribu aliambulia aibu, Loisi peke yake akaomba aachiwe, mwanamke wa miaka arobaini na saba, msusi, sauti ya pili, wakamcheka, na kusema kweli mwanzoni alistahili, maana alifungua sanduku akaziona nywele za upinde, nywele za farasi, kavu, zimepauka, na msusi gani anaacha nywele zimepauka, akazipaka mafuta, akazichana, zikang'aa, akaringa, kisha akavuta mbele ya kwaya nzima na fidla haikutoa hata mguno, upinde uliteleza tu, Mwalimu akamwambia, "Mama Rozi, hata fidla imekukataa," watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, ah, siku ile, alitamani ardhi ipasuke... hadi Felix, mpiga fidla wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, alipomwambia kwa simu, "Mayo, mama yangu, hizo nywele hazitaki mafuta, zinataka zikwaruze," akauliza kama sandukuni hamna kidonge kama gundi iliyokauka, kumbe kile alichodhani sabuni ya hotelini kilikuwa utomvu wa msonobari, basi akaziosha nywele, mara moja, mbili, tatu, shampuu na maji ya vuguvugu, bila kulowesha ufito wa upinde, kuosha nywele nani atamfundisha, akazianika kivulini, akazisugua utomvu mpaka zikatoa vumbi jeupe, na nyuzi nne akazikaza kwa sikio, huu do, unaofuata so, kama walivyofundishwa kuimba kanisani Ihanda alikozaliwa, kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, peke yake, lakini mbele ya mtu hajathubutu tena, na vidole hivi vimesuka maharusi wa mji mzima, viogope nini, vuta mama, vuta... akavuta, yakatoka makwaruzo, kama bawaba kavu, Aida akakunja uso, acha akunje, legeza kiwiko, vuta tena, na ikaja, do, nene, nzima, ikajaa chumba mpaka kioo kikatetemeka, mi, so, pambio wanaloanzia ibada, polepole, kidole cha pili kimekaa chini mno, sogeza, endelea, inalia, Bwana asifiwe inalia... Mwalimu yuko palepale karibu na sanduku, na chini ya fidla kuna sauti nyingine, nzito, ya nani, ya Mwalimu mwenyewe, anaimba besi, mdomo umemtangulia kabla moyo haujakubali, na Loisi, ambaye sasa hivi tu alikuwa anatafuta maneno ya kumbembeleza amwachie walau mpaka Pasaka, ameyasahau yote, wala hayatafuti, anafika mwisho wa ubeti, anauinua upinde, na Mwalimu Gwamaka, mwongozaji wa kwaya, amemkazia macho, anangoja yeye amwonyeshe pa kuingilia.